Jokofu la Bugomora Lililobebwa kwa Machela

Nimekabidhi sanduku la vifaa, nimekabidhi funguo za stoo, na mwenzangu aliyenipokea ameniomba nimwachie na maneno pia. Basi ni haya. Yanawahusu ninyi vijana mnaotengeneza vyombo vya baridi katika zahanati za Karagwe na Kyerwa, ambako mimi nimemaliza ujana wangu nikiwa nimepiga magoti mbele ya majokofu ya mafuta ya taa. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi mwaka 1978, muda mfupi kabla ya vita. Wakati huo Kyerwa haikuwa wilaya. Yote ilikuwa Karagwe, kutoka Ihembe mpaka mpakani, na fundi wa majokofu alikuwa mmoja. Jina lake Fundi Yohana, Mlutheri wa Bukoba, mzee aliyevaa tai ndani ya ovaroli. Alichukia vitu viwili duniani, masizi na watu wa kampuni. Mimi nilitoka Muleba na cheti changu kipya mfukoni, nikitegemea siku ya kwanza nitapewa spana. Alinipa kioo kidogo cha kunyolea ndevu.

"Piga magoti," akasema. "Kiingize chini ya jokofu. Unaona nini?"

"Moto, mzee."

"Wa rangi gani?"

"Wa njano."

"Basi hujaona jokofu. Umeona koroboi."

Akaivuta taa ya chini, akaupunguza utambi kwa mkasi wa cherehani, akasafisha bomba la moshi kwa brashi ya chupa, kisha akairudisha. Safari hii kiooni niliona mwali mfupi wa buluu, umetulia, hautoi sauti. Ndiyo, vijana, jokofu la aina ile lilipoozwa na moto. Mwali uliyachemsha maji ya dawa yaliyofungiwa kwenye mabomba ya nyuma, na maji yale yakizunguka, ndani kunakuwa baridi. Wanakijiji walikataa katakata kuniamini, na siku nyingine hata mimi nilisita.

Vita vilipokwisha, chanjo ziliongezeka, na majokofu mapya yakaanza kuletwa, meupe, yananukia rangi. Kampuni iliyoyatengeneza sitaitaja. Ilikuwa mbali sana, na nadhani mpaka leo haijui Bugomora iko upande gani wa dunia. Kila jokofu lilikuja na kitabu. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamke mwenye viatu vya kisigino akipanga chupa za maziwa, juu ya sakafu unayoweza kujitazama usoni. Sakafu zetu zilikuwa za udongo ulioshindiliwa, au za saruji iliyomaliziwa Jumamosi na mwashi aliyekuwa na haraka ya kwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kitabu kilisema chombo kisimame sawasawa bila kuinama. Fundi Yohana aliweka kisosi cha maji juu ya jokofu, akachomeka vipande vya matofali chini ya miguu ya jokofu mpaka maji yatulie. Kazi hiyo haikuwa na ukurasa wake kitabuni.

Halafu kulikuwa na vituko vidogo vidogo, vile vinavyomfanya mtu mzima aongee peke yake. Kwenye toleo moja, namba moja ya kitufe ilimaanisha baridi kali. Kwenye toleo lililofuata, namba hiyo hiyo ilimaanisha baridi hafifu, na hakuna aliyetuambia. Utambi mpya ulikataa kuingia kwenye taa ya zamani kwa unene wa unywele. Ukiagiza utambi, unaletewa kitasa cha mlango, kizuri kabisa, kinang'aa. Ukimuuliza wakala wao Bukoba, anasema uliza kiwandani. Ukiuliza kiwandani, masika inapita na vuli inapita, ndipo unajibiwa kwamba umwone wakala aliye karibu nawe.

Fundi Yohana alistaafu akarudi Bukoba kulima vanila na kukemea wajukuu. Nikabaki peke yangu na majokofu yale. Ndipo likanipata jambo la Bugomora, ambalo ndilo hasa ninalotaka mlijue.

Zahanati ya Bugomora ilikuwa na muuguzi mmoja, Kokugonza, Mhaya kama mimi, Mkatoliki anayeweza kusali rozari mkono mmoja na kupima mtoto mkono wa pili bila kukosea popote. Jokofu lake lilikuwa jipya kuliko yote, na lilikuwa baya kuliko yote. Linafanya kazi vizuri majuma machache, kisha linaanza kupoteza baridi kidogo kidogo, mpaka ndani kunakuwa na joto kama kabatini. Mwali ni wa buluu. Bomba ni safi. Maji ya kisosi yametulia. Kila nilichofundishwa nilikifanya, na halikunijali.

Tulilipeleka kwa wakala Bukoba, limefungwa wima kwenye Land Rover kama kitabu kilivyoamuru. Mtu wa wakala, kijana mtanashati anayeitwa Stefano, aliliwasha, na mbele yake likagandisha maji. Likarudi. Likafa tena. Tukalipeleka tena, likagandisha tena. Safari ya tatu Stefano alikuja nalo mwenyewe Bugomora, akalishusha, akajipangusa vumbi.

"Limepimwa," akasema. "Linafanya kazi vizuri. Tatizo ni mtumiaji."

"Mtumiaji ni mimi," Kokugonza akajibu. "Nimelitumiaje, waitu? Nimelipanda? Nimelilalia?"

"Pengine unalifungua mara nyingi."

"Nalifungua nikitaka chanjo. Au kampuni yako ilitaka nizitazame kwa nje?"

Stefano hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hilo. Alikuwa amepewa jibu moja la kutoa, akalitoa. Lakini ofisini kwetu wilayani walichoka na safari hizo, wakaamua kwamba likifa mara moja zaidi litaondolewa kabisa, na Bugomora isiwe tena na jokofu. Akina mama wangepanda mlima kupeleka watoto zahanati ya Nkwenda. Ukiwa ofisini unasema hivyo kirahisi. Mama mwenye mtoto mgongoni, na mwingine tumboni, na shamba linalomsubiri, mlima ule ataupanda mara moja; mara ya pili hatakwenda. Na mwaka huo surua ilikuwa imeshasikika vijiji vya ng'ambo ya mlima. Msimu uliotangulia Kokugonza alikuwa amekwenda kwenye maziko ya watoto aliowapokea kwa mikono yake mwenyewe. Aliniambia hivi, tukiwa tumesimama mbele ya lile jokofu:

"Fundi, mimi sina ugomvi na kampuni. Ninachotaka ni Alhamisi ya kliniki ifike nikiwa na chanjo iliyo hai. Basi."

Likafa wiki ile ile ya kliniki, katikati ya masika. Barabara ya kuja kwetu ilikuwa matope matupu, na Land Rover ya kuleta chanjo za surua ingefika Nkwenda tu, isiweze kuja mbele. Ndani yake angekuwemo Stefano, akija kulichukua jokofu, kwa kuwa taarifa ilishamfikia. Nikapata wazo moja dogo, kwamba kama jokofu litafika Nkwenda siku hiyo hiyo, nitamsihi anibadilishie, anipe zima achukue bovu. Lakini litafikaje?

Kokugonza akanyanyua kanga yake akaenda kwa Mzee Habimana. Huyu alikuwa mkulima wa asili ya Rwanda, mrefu, mpole, kiongozi wa chama cha machela. Kwa wasiojua, enzi zile kila kijiji kilikuwa na chama cha namna hiyo. Mtu akizidiwa, panapigwa ukelele, kila nyumba inatoa mwanaume, wanamlaza mgonjwa kwenye machela ya kusuka na kumpeleka hospitali kwa mabega, wakipokezana bila malipo. Asiyefika hutozwa mtungi wa rubisi. Kokugonza hakumweleza Mzee mambo mengi. Alimwambia tu kuna mgonjwa zahanati, na ni wa kufika Nkwenda leo.

Asubuhi walifika na machela yao, kundi zima, miguu peku kwa ajili ya utelezi.

"Shikamoo, Mzee," nikamsalimu.

"Marahaba, fundi. Mgonjwa yuko wapi?"

Kokugonza akalionyesha jokofu. Wakalitazama. Wakamtazama yeye.

"Huyu?" Mzee Habimana akauliza.

"Huyo."

"Anaumwa nini?"

"Ana joto."

"Homa," akasema Mzee, na jambo likawa limekwisha. Wakaanza kukunja suruali.

Mimi nilikuwa nimeshamwaga mafuta na kutoa taa. Nikawaonyesha mshale mwekundu uliobandikwa ubavuni, nikawasomea maandishi yake: lisilazwe kamwe. Lisafirishwe limesimama. Mzee alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mgonjwa habebwi amesimama," akasema.

"Kampuni imekataza, Mzee."

"Kampuni inakuja kutusaidia kubeba?"

Likalazwa, likafunikwa shuka kwa sababu ya manyunyu, likafungwa kamba. Hapo ukazuka ubishi ambao sikuutarajia. Desturi ya wabeba machela ni kwamba kichwa cha mgonjwa hukaa juu wakati wote. Mnapopanda mlima, kichwa hutangulia. Mnapoteremka, hutangulia miguu. Sasa, jokofu kichwa chake ni kipi? Wengine wakasema ni juu, mahali moshi unapotokea. Mzee Habimana hakutaka maneno mengi. Akampapasa mgonjwa kama anavyopapaswa mtoto. Taa ilikuwa imewaka mpaka dakika chache kabla, na sehemu ya chini ilikuwa bado na joto.

"Homa iko hapa," akatangaza. "Hiki ndicho kichwa."

"Mzee, hicho ni kitako!"

"Fundi, wewe umewahi kuona homa ya kitakoni?"

Kicheko kilichofuata kilinimaliza nguvu. Wakanyanyua, wakaondoka.

Kwa hiyo jokofu la serikali, lenye mshale mwekundu, lilikwenda Nkwenda miguu juu. Kila mlima tuliopanda, kitako kilitangulia. Kila bonde tuliloteremka, kitako kilifuata nyuma, kikiwa juu. Penye mwinuko mkali lilikuwa karibu kusimama kichwa chini kabisa. Mimi nilifuata nyuma kama mfiwa, na kila walipobadilishana mabega nilisikia ndani ya mabomba kitu kikigugumia, glu, glu, glu. Nikajua sasa ndiyo limekufa moja kwa moja, na pamoja nalo kliniki ya Bugomora. Nilitembea nikiwaza nitamwambia nini Kokugonza. Machozi yalikuwa karibu, siwafichi.

Njiani watu walitupisha. Waliovaa kofia walivua. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia migomba aliuliza ni nani, mbebaji mmoja akamjibu, "Mgonjwa wa serikali," na yule bibi akaanza kulia kwa sauti mpaka tukasimama kumfunulia shuka. Alipoona kitasa cha mlango alitutukana kwa Kinyambo, tukaendelea.

Nkwenda tulikuta Land Rover imeegeshwa mbele ya nyumba ya wageni, na Stefano amesimama barazani. Alipoona miguu ya jokofu inaelekea mawinguni alishika kiuno.

"Mmelibeba kichwa chini!"

"Hapana," Mzee Habimana akamjibu akihema. "Kichwa juu."

"Basi dhamana yake imekwisha. Kampuni hailitambui tena."

Nikamwomba anibadilishie. Hakuwa na jingine. Kwenye gari kulikuwa na kisanduku cha barafu chenye chanjo na nafasi tupu ya kubebea hilo bovu. Nikamwomba basi jambo moja, aniache niliwashe kabla hajaliondoa, kwa sababu nisingeweza kurudi Bugomora kusema kwamba sikuliwasha. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia. Tukalisimamisha barazani, nikatafuta usawa kwa kisosi cha mwenye nyumba ya wageni, nikaliacha lipumzike mpaka jioni kama Fundi Yohana alivyonifundisha, kisha nikaweka taa na kuwasha. Wabebaji wakatawanyika kwa jamaa zao pale sokoni, wakisema hawawezi kumwacha mgonjwa kabla hawajajua hali yake.

Asubuhi nilifungua mlango nimefumba macho. Mkono ndio uliotangulia kujua. Nikafumbua, nikaona ukuta wa ndani umefunikwa na theluji nyembamba nyeupe, na kikombe cha maji nilichokiweka kimeganda juu. Nilipiga kelele. Sikupiga kelele ya kistaarabu. Nilipiga kelele ya mtu aliyefiwa akaambiwa marehemu anaomba chai. Mzee Habimana alikuja mbio, akaingiza mkono, akautoa haraka.

"Amepona," akasema.

Stefano akaja na kipimajoto chake, akasoma, akasoma tena. "Si niliwaambia halina tatizo?" akaanza, kwa mazoea. Kisha nikaona anafikiri kweli kweli. Akaligeukia lile gari, akaitazama barabara ya kwenda Bukoba, yenye mashimo ya kumeza gurudumu.

"Ngoja, fundi," akasema polepole. "Kila mara likiletwa kwangu, limerushwarushwa njia nzima."

Tukatazamana. Tukaelewa pamoja, sekunde ile ile. Yale maji ya dawa yalikuwa yanakwama kwenye mabomba ya nyuma, na mtikiso uliyakwamua. Barabara zetu mbovu ndizo zilizokuwa zikilitibu jokofu njiani, likafika kwa wakala likiwa zima, likarudi na kukaa kimya zahanati mpaka likwame tena. Na wabebaji wa Bugomora, kwa kukosea kichwa, walikuwa wamelitibu kuliko barabara.

Pale zahanati ya Nkwenda, kando ya jokofu zima, kulikuwa na jingine lililokufa zamani, linahifadhi bandeji. Stefano alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaniambia, "Shika upande wako." Tukaligeuza miguu juu, yeye na mimi na Mzee Habimana, aliyekuwa anatuelekeza kama daktari mkuu. Siku chache baadaye lilikuwa linagandisha. Lakini hilo sikulisubiri, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Stefano aliondoka na nafasi yake tupu kwenye gari. Sisi tulirudi Bugomora. Nilidhani wangelilaza tena, wakakataa. Mtu aliyepona hapandi machela. Walifunga miti miwili ubavuni, wakalibeba limesimama wima, kama mshale mwekundu ulivyotaka, na mbele alitangulia mtu na kisanduku cha chanjo kichwani. Walianza wimbo mlima wa kwanza na hawakuumaliza mpaka zahanati. Kokugonza alikuwa mlangoni. Alilipapasa jokofu, kisha akanipapasa mimi kichwani, kama tumetoka kuzaliwa sote wawili.

Alhamisi akina mama walikuja na mvua yao. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka kisima, migolole imelowa, watoto wanalia kabla hawajaguswa. Kokugonza alichoma sindano tangu asubuhi mpaka mkono ukamuuma, akabadilisha mkono. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga magoti na kutazama mwali, na nawaambia sijawahi kutazama kitu kwa furaha namna ile. Ulikuwa wa buluu.

Baada ya hapo nilizunguka zahanati zote, Ihembe, Nkwenda, mpaka za mpakani, nikigeuza majokofu miguu juu. Yaliyokuwa yamefanywa makabati ya nguo yakafufuka. Stefano aliwaarifu kiwandani, wakamjibu kwamba kugeuza chombo kunafuta dhamana. Miaka ya tisini yalipokuja matoleo mengine, nilifungua kitabu, yule mwanamke wa viatu vya kisigino hayupo tena, na kwenye kurasa za mwisho kuna mchoro wa jokofu limesimama kichwa chini: lisipopoa, ligeuze, liache siku nzima. Jina la Bugomora halikuwemo. Nilimpelekea Mzee Habimana ule mchoro. Aliutazama akatikisa kichwa, akasema waliochora bado hawajui kichwa ni kipi.

Sasa nimalizie msimu ule. Surua ilivuka mlima kama ilivyotarajiwa. Tulisikia vilio kutoka ng'ambo, na kila nilipopita Bugomora kuangalia mwali niliogopa kuuliza. Sikuuliza masika yote. Kahawa ilipoanza kuanikwa, nilimkuta Kokugonza ameketi ngazini pa zahanati amevua viatu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za kazi.

"Kaa, fundi," akaniambia.

Nikakaa. Mbele yetu watoto walikuwa wanakimbizana kwenye matope yaliyokauka, wanapiga makelele ya kuumiza masikio.

"Unasikia kelele hizo?" akasema. "Mwaka huu sijazika hata mmoja."